Yai Katika Kisanduku cha Hartopp

Rodney Hartopp nilimchukia kwa moyo wangu wote, na hilo silijutii. Ninachojutia ni kitu kingine, na sijamwambia mtu mpaka leo.

Mama yangu, Edna, ana miaka themanini na sita. Kwa miaka tisa, kila Alhamisi, alichana nywele zake, akapaka rangi ya mdomo, akaenda Ukumbi wa Tannery Lane kula chakula cha mchana na wazee wenzake: nyama ya kuokwa, viazi, mchuzi wa moto, kisha keki ya tufaha iliyomwagiwa kastadi. Chakula kilikuwa kisingizio tu. Alichofuata ni umbea. Siku nyingine sita alikaa dirishani akingoja Alhamisi ifike.

Basi manispaa yetu ya Harksley ikataka kuuza ukumbi ule ili yajengwe maghorofa. Mama akaandika maneno yake kwenye karatasi, akaomba zile dakika tatu ambazo mwananchi huruhusiwa kusema mbele ya madiwani. Akasimama na fimbo yake, akauliza: ukumbi ukifungwa, sisi tukale wapi, na tukale na nani? Hartopp, diwani wa kata yetu wenyewe, hata hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Bibi," akasema, "maji yakichemka, tumbukiza yai, hesabu dakika nne. Huhitaji ukumbi wa manispaa kwa hilo."

Wakacheka. Jamani, watu wazima na tai zao shingoni wakacheka! Mama akaikunja karatasi yake mara nne, akakaa. Kwenye basi mimi nikaapa kimoyomoyo kwamba yule mtu lazima nimng'oe.

Na nikamng'oa kweli. Hartopp ana nyumba Hispania, na baridi ikianza hukimbilia huko. Vikao alihudhuria kwa kompyuta, kavaa kaptura, mimi najua. Lakini sheria yetu inasema diwani asiyefika kikaoni kwa miguu yake miezi sita mfululizo amepoteza kiti, na kompyuta haihesabiki. Kila mwaka alikuwa anarudi wiki moja kabla miezi haijatimia. Mwaka ule akajisahau. Mimi sikujisahau. Nilizikata tarehe kwenye kalenda ya bucha iliyoko jikoni, moja baada ya nyingine, mdomo nimeufunga. Miezi sita ilipotimia, kesho yake saa tatu asubuhi mimi na jirani yangu Sandra Ogden tulikuwa mlangoni pa manispaa, barua mkononi, tunadai uchaguzi mdogo. Saini za watu wawili zinatosha.

Alirudi mbio, kaiva kwa jua kama nyanya, akachukua fomu kugombea kiti kile kile alichonyang'anywa. Sandra akachukua fomu dhidi yake. Kuhusu ukumbi, madiwani walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, kwa hiyo atakayeshinda kata yetu ndiye angeamua ubaki au uuzwe. Tuligonga milango wiki tano, mvua inatunyeshea, mbwa wanatubwekea. Jioni ya mwisho tukapiga hesabu ya waliotuahidi, tukamwona Sandra yuko mbele kwa zaidi ya kura mia.

"Tumemmaliza," Sandra akasema.

"Bado," nikamjibu. "Nataka nimwone uso wake."

Nilikuwa wakala wa Sandra kwenye kuhesabu kura. Siku ya maelekezo, msimamizi wa uchaguzi, Bi Prudhoe, mwanamke mkavu asiyecheka na mtu, alitueleza kwamba karatasi zenye utata haziwekwi pembeni kimyakimya. Wagombea wote huitwa mezani, wanaonyeshwa moja moja. Hilo nililishika. Mengine aliyoendelea kueleza hayakuniingia, nilikuwa nahangaika na pakiti ya biskuti.

Siku ya kura nilikwenda kituoni, pale shule ya msingi, saa kumi alasiri. Hartopp alikuwa nje getini, ua la riboni kifuani, anawashika watu mikono. Nikataka kumpita.

"Aa, Lorna!" akaita, meno yote nje. "Mama hajambo? Au yai bado linamshinda?"

Wawili aliokuwa nao wakacheka. Kicheko kile kile! Uso ulinichoma mpaka masikioni. Nikaingia, nikapewa karatasi yangu, nikajifungia kwenye kile kibanda cha mbao. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi. Majina mawili, visanduku viwili. Nikamwazia Hartopp kesho yake, kaitwa mezani mbele ya watu wote, anaonyeshwa karatasi na hana pa kukwepesha macho. Kura moja ni nini, na Sandra anaongoza kwa mia? Nikachora yai. Ndani ya kisanduku cha Hartopp, dogo, safi, limekaa kwenye kikombe chake kidogo cha kuwekea yai. Nilichukua muda wangu. Nikatoka pale nimejaa raha, kama mtu aliyetema kitu kichungu.

Kura zilihesabiwa asubuhi iliyofuata kwenye ukumbi wa michezo. Mafungu yalipoanza kupangwa mezani nikaona mambo siyo. Walioahidi milangoni hawakuja wote. Mvua ile ile iliyotunyeshea iliwaweka ndani. Fungu letu na fungu la Hartopp yalikuwa sawa kabisa. Sandra akanishika mkono, na wake ulikuwa wa baridi.

Bi Prudhoe akawaita wagombea na mawakala. Karatasi ya kwanza ilikuwa tupu, ikakataliwa. Ya pili ilikuwa na alama mbili, nayo ikakataliwa. Kisha akainua ya tatu.

"Mbona hili kama yai?" Sandra akauliza.

"Liwe yai, liwe mpira," akasema Bi Prudhoe, "si lazima alama iwe ule mkasi wa X. Mpiga kura ameweka alama kwenye kisanduku kimoja tu, na haikutoka nje ya mistari. Nia yake iko wazi. Kura ya Bwana Hartopp."

Sandra akatikisa kichwa taratibu. "Ni haki," akasema. Sandra ndivyo alivyo.

Na mimi? Ningesema nini? Kwamba hiyo ni yangu, na nilikuwa namtukana? Nikamwangalia Hartopp, maana si ndicho nilichokitaka, uso wake. Alikuwa ameikodolea macho karatasi. Halafu akaninyanyulia macho, polepole, akaniangalia muda mrefu, na tabasamu likaanza kumpanda upande mmoja wa mdomo.

Walihesabu mara tatu. Hartopp mia sita arobaini na mbili, Ogden mia sita arobaini na moja.

Watu walipokuwa wanampigia makofi, alikuja mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ahsante sana, Lorna," akaninong'oneza. "Kama si wewe! Msalimie mama."

Nilitamani kumtemea mate. Nilitamani ardhi inimeze. Hasira ninazo mpaka leo, zimenijaa, na kila nikizielekeza kwake zinanirudia mimi mwenyewe. Yeye anajua, na anajua kwamba najua anajua. Tukikutana dukani ananiinulia kofia.

Ukumbi uliuzwa kwa kura yake. Alhamisi ya kwanza baada ya kufungwa nilikwenda kwa Mama saa sita mchana. Nilimkuta amechana nywele, amepaka rangi ya mdomo, amekaa mezani peke yake.

"Hutaki tutoke, Mama?"

"Twende wapi?"

Nikafungua friji yake. Hakukuwa na kitu cha maana. Nikabandika maji yachemke, nikatumbukiza yai, nikasimama pale nahesabu dakika nne kwenye saa ya ukutani. Nikaliweka kwenye kikombe chake, nikamletea na kijiko.

"Sandra alikuja jana," Mama akasema. "Kanieleza habari za yule mjinga aliyechora. Mimi na mkono wangu huu unaotetemeka nilijaza kura yangu ya posta, nikaweka mkasi wangu sawasawa pale pale kwa Sandra. Halafu mtu mzima na akili zake anachora yai! Ningemjua, Lorna, naapa ningemvunjia fimbo hii mgongoni."

Akaligonga yai kwa kijiko. Mara ya kwanza halikupasuka.

"Wewe ulikuwa wakala, ulikuwepo. Humjui ni nani?"

Nikageukia sinki, nikafungua maji.

"Kula, Mama," nikamwambia. "Litapoa."