Utabiri wa Mwaka wa Kwanza

Chuo cha uuguzi kilikuwa na kompyuta iliyotabiri nani atafaulu mwaka wa kwanza. Ilipima alama za sekondari, umri, na muda ambao mwanafunzi alikaa maktaba, maana kila aliyeingia au kutoka alipitisha kadi yake mlangoni. Waliotabiriwa kufeli waliitwa kabla ya mtihani.

Mama Pacha aliitwa. Sekondari aliimalizia kwenye masomo ya jioni, na siku hizi vipindi vikiisha tu hukimbilia nyumbani kunyonyesha.

"Keti, binti yangu," mshauri wa wanafunzi alisema. "Kompyuta inaonyesha hutafika. Hamia kozi fupi ya wasaidizi. Ukikataa halafu ukafeli, hakuna kurudia. Unaondoka moja kwa moja."

"Imejuaje, mwalimu?"

"Maktaba hukanyagi."

"Watoto hawaruhusiwi. Na anayeongoza kwa utabiri ni nani?"

"Yule mrefu wa kiti cha nyuma."

"Bwana Shuka? Huyo anaenda kulala, mwalimu! Kuna feni kule. Mkutubi humwamsha wakati wa kufunga."

"Usimseme mwenzako."

"Simsemi, namwonea wivu. Mimi usingizi nausikia kwa watu."

Mshauri akainamia meza kuficha kicheko. "Nipe jibu kesho."

Nyumbani, mama yake alikuwa na mjukuu mmoja mgongoni, mwingine mkekani.

"Wamesemaje?"

"Nitafeli. Kompyuta imesema."

"Imewahi kulea?"

"Mama, sio mzaha. Nikifeli nafukuzwa."

"Sijakwambia ucheze. Mshike huyu, ana njaa."

Akamshika. Mtoto akanyonya, naye akakunjua kile kiganja kidogo na kutaja mifupa yake mmoja mmoja, akibonyeza taratibu, kama alivyofanya tangu muhula uanze. Mmoja ulimponyoka. Akarudia mwanzo. Safari ya pili haukumponyoka.

Asubuhi akamwambia mshauri kwamba haendi kokote, atafanya mtihani.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Amefaulu, kwa alama chache juu ya mstari. Bwana Shuka alimpita mbali.

"Kumbe ndotoni nako kuna mwalimu?" Mama Pacha alimuuliza.

"Karibu sana, dada. Viti ni vingi."

Jioni mama yake alimpokea mlangoni. "Enhe?"

"Nimepita. Ila mwaka wa pili ndio wenyewe, wanasema."

"Hao hao waliosema utafeli?"

"Hao hao."

"Haya, nawa mikono ule."