Viza ya Mikono Miwili

Jumanne asubuhi, umande ulipokwisha kukauka, Kezia alikuwa amekaa kwenye mkeka uani kwao Busunzu, akipukuchua maharage kwa miguu. Alikuwa ameshazoea. Analibana ganda kwa vidole vya mguu mmoja, analisukuma kwa kisigino cha mguu wa pili, na maharage yanaangukia kwenye ungo. Mama yake, Jeanne, alikuwa jikoni anachochea moto. Mikono ya Kezia ilikuwa Uarabuni ikipiga pasi mashuka.

"Pasi ya leo ina moto sana," Kezia alisema.

"Wamebadilisha?" Jeanne aliuliza kutoka jikoni.

"Nadhani. Ile ya zamani ilikuwa inanatanata."

"Ego, basi vizuri," Jeanne aliitikia kwa Kiha, akaendelea na kuni zake.

Viza yenyewe aliipata kwa Ridhiwani, mwenye duka la vitenge pale Kasulu mjini, ambaye ndugu zake wa pwani walikuwa wamemuunganisha na mawakala. Ridhiwani hakuwa mtu wa kuficha mambo. Alimweleza Kezia waziwazi, amekaa juu ya marobota yake.

"Zamani, dada yangu, walikuwa wanachukua mtu mzima. Sasa mtu mzima ana mambo mengi. Anakula, anaumwa, anakumbuka kwao, analia, mwisho anatoroka. Siku hizi viza inatoka kwa kile kinachotakiwa tu. Wewe unatakiwa mkono. Miaka miwili, halafu unarudishiwa mkono wako salama salimini. Haya, lete mkono tuupime."

Kezia alikuwa na binti, Nadine, ambaye hata kutambaa alikuwa bado, na mume aliyekwenda kwenye machimbo ya Geita akanyamaza jumla. Shamba walilolima lilikuwa la kukodi. Hakuwa na mengi ya kufikiria.

Kosa lilifanyika hapohapo, na lilikuwa kosa la malezi mema. Mwenye nyumba wa kule alikuwa ameomba mkono mmoja tu, wa kulia, kwa ajili ya pasi na vyombo. Lakini Kezia amelelewa na Jeanne. Kwao humpi mtu mkubwa kitu kwa mkono mmoja, hata kikiwa kijiti cha kiberiti. Unatoa kwa mikono yote miwili na goti linashuka kidogo. Basi Kezia akapiga makofi ya salamu, polepole, kama Waha wanavyomwamkia mtu wanayemheshimu, akainama, akanyoosha yote miwili. Ridhiwani alidhani binti wa watu ameamua mwenyewe. Akamshukuru sana, akaandika miwili.

Ilitoka kuanzia kwenye viwiko, bila maumivu, kama mtu anavyovua soksi zilizolowa. Ikapigwa picha za pasipoti, kwanza imelala kifudifudi, kisha imegeuzwa viganja juu. Sindano ya homa ya manjano aliipokea Kezia begani, kadi ikaondoka na mikono. Jeanne aliipaka mawese kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kule hewa ni kavu, akaifunga kwenye kitenge kipya, akaiombea. Basi la alfajiri likaichukua.

Kijijini hakuna aliyeuliza swali, maana karibu kila nyumba ilikuwa na kiungo chake nje. Kipriani, jirani yao wa bondeni, alipeleka mgongo kwenye ujenzi wa maghorofa, na tangu hapo mkewe alikuwa akimwegemesha ukutani asubuhi na kumlaza jioni. Binti wa mzee Ndayisaba alipeleka sauti kwenye kampuni ya simu, sasa akikuita anakurushia kokoto. Kanisani mchungaji aliombea viungo vyote vilivyo safarini, baada ya wagonjwa na kabla ya matangazo.

Kula na kuoga havikuwa tatizo. Jeanne alimlisha na kumwogesha, akimtania kwamba yeye peke yake hapo Busunzu ndiye aliyemzaa mtu mmoja mara mbili. Na kila mwezi ujumbe wa hela uliingia kwenye simu, hilo lazima lisemwe. Tatizo lilikuwa Nadine. Alipojua kutembea, akawa anamjia mama yake mbio, vikono juu, anataka kubebwa. Kezia anapiga magoti, anambana kwa viwiko na kidevu, na mtoto anachomoka kwa chini, anaketi mavumbini, anamtazama. Hakuwa analia. Alikuwa anangoja mama yake amalize kumbeba.

Kule nako mikono ilikuwa imepata mtoto. Hilo halikuwa katika makubaliano. Mkono mmoja ungepiga pasi na kupanga sahani, basi. Lakini miwili inaweza kubeba, na wenye nyumba walipoona imekuja miwili wakaikabidhi mtoto wao mchanga. Kezia alimjua kwa uzito. Alijua nywele zake laini zinazoteleza, mkunjo wa shingo wenye jasho, jino lake la kwanza lililong'ata kidole cha shahada. Kwa kumwogesha alijua ni wa kiume. Jina lake hakulijua, wala sura.

"Mtoto ana homa," alisema siku moja wakiwa shambani.

Jeanne akatupa jembe, akakimbilia kivulini alikolala Nadine, akamgusa paji. Alikuwa mzima kabisa.

"Siyo huyo, mama. Wa kule."

Jeanne alisimama kidogo na jasho lake. "Pole yake," alisema, akarudi kuokota jembe.

Lakini masika malaria ilipompata Nadine kweli, Kezia aliweka shavu kwenye paji la mwanawe na hakuweza kupima kitu, kwa kuwa saa ileile viganja vyake vilikuwa ndani ya unga vikikanda mikate. Jeanne ndiye aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Kezia alifuata nyuma akitazama kisogo cha mtoto kikicheza juu ya kitenge, na akaona wivu. Tusimsitiri, aliona wivu mkali. Aliionea wivu mikono yake mwenyewe.

"Ikirudi nitambeba mpaka akatae," alimwambia mama yake njiani. "Wallahi nitambeba hata akiwa na sare za shule."

"Umeanza kuapa kama Ridhiwani," Jeanne alisema.

Miaka miwili ikakaribia kwisha. Kezia akawa haongei jambo lingine. Nadine naye, ambaye sasa alikuwa na maneno mengi, alitaka kujua kila kitu.

"Itakuja na basi?"

"Na basi."

"Itanijua?"

"Itakujua. Ilikushika hata macho hujafumbua."

Basi Jumanne hiyo ya maharage, mikono ilimaliza mashuka, ikanawa, ikapanguswa kwa taulo. Kisha Kezia akahisi kitu cha baridi kwenye kidole gumba cha kulia. Kilikuwa wino. Vidole vya mtu, vikavu, kimoja kikiwa na pete, vilikishika kidole gumba chake, vikakigandamiza kwenye karatasi, vikakiinua, vikakigandamiza tena chini kidogo. Kezia aliacha maharage. Alijaribu kukunja ngumi kwa nguvu zote, mpaka shingo ikamsimama mishipa. Kidole kilikunjika. Vile vidole vya pete vikakinyoosha taratibu, bila hasira, vikamalizia.

"Mama, wananibandika kidole."

Jeanne alitoka jikoni na mwiko wake. "Wino?"

"Wino."

Jeanne alikaa chini palepale, mwiko mkononi.

Kesho yake walipanda gari mpaka Kasulu. Ridhiwani aliwapokea vizuri, akaagiza chai, akamshikia Kezia kikombe mwenyewe huku akipuliza isimuunguze. Taarifa alikuwa nayo tayari kwenye simu.

"Imeongezwa," alisema. "Miaka miwili mingine."

"Nani amekubali, kaka?"

"Wewe. Alama yako hii hapa."

"Mimi nilikuwa Busunzu napukuchua maharage."

"Wewe ulikuwa Busunzu. Vidole vilikuwa kule. Viza ni ya mikono, dada, na inayosaini ni mikono. Sasa mimi nifanyeje?"

Jeanne aliweka kikombe chake chini. "Na huu mdomo wake unaokataa, hapa mbele yako?"

"Mdomo hauna viza, mama," Ridhiwani alisema kwa upole. Aliona aibu kidogo, akamfuta Kezia chai iliyodondokea kidevuni. "Halafu wanaisifu sana. Wamejaribu kuleta mingine ya kumshika yule mtoto, hataki. Akishikwa na mingine analia mpaka anakauka sauti. Anataka hiyo tu."

Kezia alijisikia fahari, ghafla, kifuani, kabla hajaweza kuizuia. Halafu akaichukia. Akasema wanawahi gari.

Njiani Jeanne alimshikia nauli, akamfungia kilemba kilicholegea, akamwekea kichwa begani pake kama mtoto. "Mwana wanje, mwanangu," alisema mara moja tu, karibu na nyumbani, na Kezia akalia hadi waliposhuka, mama akimfuta kwa upindo wa kitenge.

Nadine alikuwa anangoja mlangoni kwa jirani. Alitazama nyuma yao, akatazama mizigo.

"Imekuja?"

"Bado."

"Lini?"

"Ukishakuwa mkubwa kidogo."

Nadine alinyoosha mgongo, akasimama kwa vidole vya miguu. "Nimeshakuwa," alisema.

Jioni hiyo aligoma kulala. Hakumtaka bibi, hakutaka hadithi. Alitaka mama ampigepige mgongo, kama alivyomwona mke wa Kipriani akimfanyia mwanawe. Kezia alijilaza ubavu kwenye mkeka.

Kule nako ilikuwa saa ya kulala. Mtoto wa watu alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya mto, na kiganja cha kulia cha Kezia kilikuwa kimeanza kumpiga mgongoni, polepole, taratibu. Kezia alikisikia. Akakisogeza kinywa chake kwenye kisogo cha Nadine, na kila kiganja kilipotua kule, yeye huku akatoa sauti.

"Pu," alisema. "Pu. Pu."

Nadine alitulia. Akausogeza mgongo wake mpaka ukagusa kifua cha mama, akavuta pumzi, akanyamaza. Kope zikashuka. Haukupita muda akawa amelala fofofo, mdomo wazi.

Yule wa kule alikuwa bado macho. Kiganja hakikuwa na ruhusa ya kumwacha, na Kezia akaendelea naye, kwa sauti ya chini, gizani, pu, pu, pu, mpaka yule naye akalala.