Vimito vya Shangazi Mozelle

Kundi letu liliitwa Organza, na mwaka wa sabini na saba hukuweza kukaa saluni yoyote ya Philadelphia bila kutusikia redioni. Tulikuwa watatu. Mimi Arnetta nilikuwa sauti ya juu, Lucinda sauti ya kati, na yeye alikuwa mtu wa kucheka hata mchungaji anapoomba. Vernell alikuwa sauti ya chini. Watu walinisifu mimi kwa sababu ndiye niliyepiga kelele, lakini Vernell akinyamaza, wimbo mzima ulikosa pa kukanyaga.

Meneja wetu, bwana Pruitt, alikuwa na dini moja tu: kufanana. Nywele zilezile, viatu vilevile, kiuno kilekile. Kila Ijumaa alichomoa futi kamba ya mshonaji mfukoni mwa koti, akatupima mmoja mmoja, na aliyezidi aliambiwa neno moja, "Punguza." Mimi nimeambiwa neno hilo mara nyingi kuliko nilivyoambiwa nakupenda.

Basi Vernell akapata mimba. Alipotuambia, tulirukaruka jikoni kwake mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio. Halafu tukakaa, tukatazamana, furaha ikaingia baridi. Jumapili moja ya Julai wakubwa wa kampuni ya santuri walikuwa wanakuja kutoka New York kututazama, na wakitupenda tungerekodi albamu. Na Pruitt alikuwa na mpwa wake, Sherrill, aliyejua hatua zetu zote, mwenye kiuno cha nyigu na sauti ya birika linalochemka. Vernell akizidi kiuno tu, Sherrill anapanda jukwaani.

Vernell alianza kukwepa Ijumaa. Mara jino, mara msiba wa mtu tusiyemjua. Lakini saluni ni saluni, siri haikai humo. Pruitt akaja mazoezini amevimba kwa hasira, akatwambia amesikia mmoja wetu ana mimba, na anataka kujua ni nani. Sisi tukatazama dari kama vile limeandikwa kitu.

"Sawa," akasema. "Tumbo halina mlango wa kujifungia. Jumapili nitaliona, na mwenye nalo atakaa chini, Sherrill ataimba."

Alipoondoka, Vernell akavua viatu vyake vya jukwaani, akavipanga vizuri kando ya ukuta. Akasema tusikose albamu kwa ajili yake. Yeye atatusikiliza redioni.

"Usinipandishe hasira, Vernell," nikamwambia. "Nimeimba na wewe tangu tukiwa na mapengo. Yule Sherrill simtaki hata anishikie mkoba."

"Kwani Pruitt anataka nini?" Lucinda akauliza, ameshaanza kucheka. "Si anataka tufanane? Basi tufanane."

Nilimwelewa mara moja, na nikaona aibu kwamba sikuwaza mimi kwanza.

Tukaenda kwa shangazi yake Vernell, bibi Mozelle, aliyetushonea nguo zote. Huyo alikuwa na kochi sebuleni, rangi ya dhahabu, limefunikwa plastiki tangu siku liliponunuliwa. Hakuna aliyelikalia. Hata mchungaji alipewa kiti cha jikoni. Tulipomweleza shida yetu alimtazama Vernell, akalitazama kochi. Kisha akachukua vimito viwili, ile mito midogo ya kuegemea, navyo vimevikwa plastiki, akatukabidhi mimi na Lucinda.

"Plastiki haitoki," akasema. "Mkitoa jasho kwenye vimito vyangu, mtanitambua."

Akatushonea magauni matatu mapana ya kitambaa cha organza cha rangi ya chungwa, marinda kuanzia kifuani, na mikanda ya kufunga vimito kwa ndani. Alimpima Vernell, akatupima sisi, akatoa pamba huku, akaongeza kule, mpaka matumbo yakawa ndugu.

Jumapili mchana ukumbi wa kuteleza, tulikotakiwa kuwaimbia wakubwa wa New York, ulijaa pomoni. Vijana kwa wazee walikuwa juu ya viatu vya magurudumu, wanazunguka chini ya taa ya vioo, na jukwaa letu liko katikati. Tukaingia kwa mlango wa nyuma, matumbo matatu mbele, plastiki ikilia kwii, kwii, kwii kila hatua. Pruitt alitutazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani kwake. Sherrill alisimama pembeni yake, amejibana katika gauni letu la zamani.

Pruitt akatoa futi kamba. Akanipima mimi, akampima Lucinda, akampima Vernell. Akarudia. Vipimo vilikuwa vilevile.

"Ni nani?" akauliza, sauti imekwisha.

"Mpandishe Sherrill," nikamjibu. "Mmoja mwembamba na wawili wanene. Tutafanana vizuri sana."

Mtangazaji alikuwa ameshatutaja. Pruitt akakunja futi kamba taratibu, akatupisha.

Nakwambia, hatujawahi kuimba vile. Hofu yote iligeuka kichekesho, Lucinda alikuwa anaimba na kucheka kwa pumzi moja, na watu wakazunguka kwa kasi mpaka ukuta ukawa unazunguka pia. Tukafika pale penye hatua ya kujizungusha. Nikajizungusha, nikasikia mkanda umeachia, na kimito cha shangazi Mozelle kikadondoka kati ya miguu yangu, kikabingirika jukwaani, kikaanguka sakafuni. Kijana mmoja akakidaka akiwa mbioni, akampa mwenzake, kikazunguka ukumbi mzima mikononi mwa watu.

Nilitamani ardhi inimeze. Lucinda akaniona, na kwa huruma yake, bila kufikiri hata kidogo, akaingiza mkono ndani ya gauni, akachomoa chake akakirusha pia. Ukumbi ukalipuka. Halafu macho yote yakahamia kwa Vernell.

Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Toa, toa, toa. Hapo ndipo nilipotambua tulichomfanyia. Nilimwona Pruitt chini ya jukwaa, na yeye pia alikuwa ametambua ni nani mwenye mimba.

Vernell akaweka mkono juu ya tumbo lake, akasogelea kipaza sauti.

"Hiki changu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "hakitoki mpaka Oktoba."

Sijapata kusikia kelele kama zile. Wanawake wazima walikaa chini na magurudumu yao wakicheka na kulia. Vernell hakusubiri, akaingia na nota yake ya chini, nasi tukapanda juu yake kama siku zote. Mama mwenye miwani mikubwa kutoka New York alikuja kumpa Pruitt mkono, akamwambia anawataka hawa watatu na si wengine.

Vimito vilirudi kwa shangazi Mozelle na alama za magurudumu. Alivirudisha kochini upande wenye alama ukiwa mbele, na kila mgeni alilazimishwa kuvitazama.

Oktoba tulijazana hospitali, chumba kizima, mtoto wa kike analia kwa sauti ya chini kama mama yake. Pruitt akaja na maua, akasimama mlangoni hajui aanzie wapi. Vernell akamwonyesha kitanda kidogo kwa kidevu. Pruitt akasogea, akatia mkono mfukoni, akatoa futi kamba. Akaizungusha taratibu kwenye kile kitumbo, akasoma, akatutazama sisi watatu, macho yamejaa machozi.

"Ongeza," akamwambia mtoto.