Tuta Palipokuwa na Minyaa

Jina la baba mkwe wangu silitaji hata leo, ingawa tulikwishamzika. Mkwe ni mkwe. Pale kwetu Mhunze, mwaka ule wa sabini na tano, mimi na yeye hatukutazamana usoni wala kusemeshana ana kwa ana. Tulizungumza kupitia mwanangu Januari, wa miezi minane, aliyekuwa mgongoni mwangu haelewi hili wala lile.

"Januari, mwambie mama yako aache minyaa yangu!"

"Januari, mwambie babu yako, dada yako Melania amevimba miguu. Nesi amesema ale mboga za majani kila siku."

Ua lile la minyaa mzee alilipanda mwenyewe alipooa. Lakini hapo ndipo mahali pekee pa bustani palipokuwa karibu na kisima, na mume wangu Bujiku alikubali kabla hajarudi kazini kwenye kiwanda cha pamba: ning'oe minyaa, nipange mawe, nijaze udongo na samadi mpaka tuta linifike magotini, maana udongo wetu mweusi ukinyeshewa hutuamisha maji na mbegu huoza. Basi nikakata. Mimi nikishaamua, nimeamua.

Mzee akaja kwa hasira, akalishika tawi nililokuwa nimelikata nusu, akalivuta. Likakatika. Utomvu ukamrukia jicho la kulia.

La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, lilikwishakufa zamani.

"Mayu wee, mama yangu! Naungua!"

Mama mkwe alikuwa mnadani, zahanati ni mwendo wa saa tatu, na utomvu wa minyaa haumsubiri mtu. Akipofuka kwa ukaidi wangu, nitarudishwa kwa wazazi wangu, na watoto watabaki kwa baba yao. Kila mwanamke wa kwetu anaijua dawa yake: maziwa ya mama. Yangu yalikuwa yamejaa kifuani.

Nikasugua mikono kwa majivu na maji mpaka ikachubuka, nikakamua kikombeni.

"Januari, mwambie babu yako alale chali."

"Mwambie mama yako asinisogelee! Ni mwiko!"

"Mwambie, mwiko haumshiki kipofu mkono."

Akajilaza chini mwenyewe. Nikajifunika uso kwa kanga, nikaacha upenyo mdogo, nikamfumbua kope kwa kidole. Tone la kwanza likaangukia puani. La pili likaingia. Akanikamata mkono kwa nguvu, mwiko ameusahau, nami nikaendelea mpaka kikombe kikaisha.

Siku saba alilala ndani, kitambaa usoni. Mama mkwe hakunisemesha. Nami nililimaliza tuta, jiwe juu ya jiwe. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe, lakini Melania abaki na mchicha.

Siku ya nane mlango ukafunguka. Akatoka bila kitambaa, fimbo mkononi, jicho jekundu. Akasimama mbele ya tuta. Nikageukia pembeni kama ipasavyo, mtoto mgongoni.

"Januari," akasema, "mwambie mama yako tuta lake limepinda."

Lilikuwa limepinda kweli. Nikakaa chini palepale kwenye samadi, nikalia kwa furaha.