Kitanda cha Taa

Lorna Stobbart alikuwa akifuta jasho la mteja kwenye kioo cha kitanda cha taa, kile ambacho Wazungu hulala ndani yake ili ngozi igeuke kahawia kama iliyopigwa na jua, mkono mmoja ameubana ubavuni, maana mshono wa kwapani ulikuwa bado mbichi. Nje, mji wa Sunderland, kaskazini mwa Uingereza, ulikuwa umelowa tangu asubuhi. Ndani mlinuka dawa ya kusafishia na ngozi iliyobabuka.

Tangu aajiriwe dukani kwa Glenda alikuwa akiuza rangi ya jua, na yeye mwenyewe akilala humo bure kila wiki. Haikuwa zawadi. Aliambiwa siku ya kwanza kwamba mhudumu mweupe kama maziwa hufukuza wateja. Doa la mgongoni lilipoanza kuwa jeusi na kutoa damu, alilibandika plasta akaendelea kulala. Sasa daktari amemwambia ni saratani ya ngozi, na imekwisha fika kwenye tezi za kwapani. Asilale tena chini ya taa zile.

Alimweleza Glenda jikoni, nyuma ya duka. Glenda alimkumbatia, akamtengenezea chai, akasikitika kwa dhati. Kisha akauliza kama daktari amekataza pia rangi ya kupaka, ile ya chupa inayoigiza jua. Maana Lorna alikuwa anapauka.

"Sikufukuzi, mpenzi," akasema. "Ukiona huwezi, acha mwenyewe."

Hapo ndipo Lorna aliponaswa. Anayeacha kazi kwa hiari yake, ofisi ya serikali inayowapa posho wasio na kazi humfungia mlango kwa miezi, na mama yake hakuwa na mwingine wa kumlipia pango. Lorna akajipaka.

Alasiri aliingia binti aliyekuwa anaolewa Jumamosi, shingo nyeupe, vidoa vya jua puani. Alivua koti, akasita.

"Hivi vitu si ndivyo vinaleta saratani?"

Glenda akacheka kidogo. "Muulize Lorna. Analala humu miaka na miaka. Mwangalie alivyo."

Binti akamgeukia. Glenda naye akamkazia macho, kikombe mkononi.

Lorna alifungua kinywa.

"Anza na dakika chache," alisema. "Ngozi yako laini."

Akampa miwani ya kukinga macho, akamfungia mlango wa chumba cha kitanda, akabonyeza swichi. Feni zikavuma. Mwanga wa zambarau ukapenya chini ya mlango, na humo ndani yule binti akaanza kuimba taratibu, kama mtu aliye bafuni kwake.