Kanzu ya Sibomana

Kanzu mpya ilimkataa pande mbili kwa wakati mmoja: mabegani ilining'inia kama iliyotundikwa msumarini, na chini ya mbavu za kushoto ilibana hadi mshono ukalia. Sibomana akaivua upesi, kabla mtu wa mtaa wao wa Biryogo hajapita barazani. Alikuwa ameikata kwa karatasi ya vipimo vyake vya zamani, ileile aliyoikatia kanzu ya kila Idi. Fundi mwenye jina lake hapimwi na mwenzake.

"Muzehe, tumbo iko inakula nguo!" Cassien, fundi mwenzake, alicheka kwenye cherehani ya jirani. "Ni mali hiyo, ama ni pilau?"

"Ni wivu wako."

Wakacheka wote wawili. Kicheko kilipokwisha, upweke ulirudi kuketi mahali pake. Tangu mkewe afariki, Sibomana hakuwa na wa kumwambia kwamba huamka shati limelowa jasho, wala kwamba matonge machache humshibisha. Daktari alimweleza mapema, vita vilipokuwa vimeanza tu kaskazini mwa nchi: saratani ya damu ya aina yake hutembea polepole, pengine kwa miaka, bandama ikivimba kimyakimya, kisha huanza kukimbia, na vidonge hubaki nyuma. Vidonge alimeza. Siri nayo aliimeza. Karatasi ya vipimo hakuigusa, kana kwamba mwili ungeona haya kuivunjia ahadi.

Idi ilikuwa karibu. Alikitazama kitambaa kilichobaki, kisha akaivua futi ya kupimia shingoni mwake na kuinyoosha mbele.

"Cassien. Nipime."

Cassien aligeuka na mzaha mdomoni. Alipouona uso wa mzee, mzaha ukamfia. Futi ilizunguka kifua, ikashuka. Chini ya mbavu vidole vyake vilikuta kitu kigumu, vikasita.

"Inauma, muzehe?"

"Ni bandama. Damu yangu inaumwa. Ugonjwa ulikuwa unatembea, sasa unakimbia."

Nje muuza maziwa alipita akinadi. Cassien alikitandaza kitambaa mezani, akakinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari.

"Nikushonee ya leo tu, ama niache akiba ya kupanulia mshononi?"

Sibomana alipapasa ubavu wake wa kushoto.

"Acha akiba."

"Kiasi gani?"

"Fundi ni wewe."

Cassien akachora mstari kwa chaki, akaufuta kwa kiganja, akauchora tena, mbali zaidi. Sibomana akaketi kwenye kigoda cha wateja, ambacho hakuwahi kukikalia, akangoja.