Perege wa Mtaa wa Sikukuu

Mchaga na samaki wapi na wapi? Swali hilo Dokta Leodegar Tarimo alilizoea tangu alipopanga vyumba viwili kwa Bi Sabaha, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kwao Kibosho ukionekana unakula samaki utaulizwa kama ng'ombe wameisha. Yeye akaenda kuwasomea samaki ng'ambo, akarudi na udaktari wake, na mtaa ukajua upesi kwamba dokta huyu hatibu mtu. Ukiumwa kichwa, nenda kwingine.

Miaka minane alikuwa akichagua perege. Kila kizazi aliwabakiza wale tu walionenepa kwa pumba kwenye maji mazito ya kijani, maana maji ya vijijini ndiyo hayo na chakula ndicho hicho. Wengine waliishia kwenye sufuria za majirani. Sasa alikuwa amewapata wazazi aliowataka, na vijiji vya ujamaa huko Ruvuma vilikwisha chimba mabwawa vikingoja mbegu. Lori lingekuja Jumatatu. Perege hao wakifa hakuna wengine, na kama ofisi ingempa miaka minane mingine, ajuaye ni Mungu.

Perege walikaa uani kwa Bi Sabaha, ndani ya tangi la saruji, kwa sababu pampu ya ofisini ilikufa na kipuri chake kilikuwa njiani tangu mwaka uliopita. Basi katikati ya kipindupindu, mabomba ya Kariakoo nayo yakakauka. Dokta alikuwa na mapipa mawili ya maji yaliyotulia, akiba ya samaki wake, maana perege humtilii maji yanayotoka bombani saa hiyohiyo. Dawa ya kuua vijidudu iliyomo humuunguza mashavu, naye hupumulia hayo mashavu.

Siku ya pili bila maji, Mboni, mpangaji wa chumba cha mbele, alibisha hodi na mwanawe mgongoni.

"Dokta, mtoto anaharisha. Sina hata kikombe cha maji ya kuchemsha."

Wewe ungemjibu nini? Kwamba maji ni ya samaki? Akamchotea. Nyuma ya Mboni akaja Bi Sabaha, nyuma ya Bi Sabaha ukaja mtaa, na adhuhuri mapipa yakawa matupu. Mtoto akapona. Perege wakabaki na maji yao yaleyale, wakaanza kupanda juu kuhema.

Jumamosi asubuhi redio ikatangaza kwamba maji yanarudi, na yametiwa dawa nyingi kuliko kawaida kwa ajili ya maradhi. Watu wakashangilia. Dokta aliwaza mashavu ya perege wake. Ilikuwako chumvi moja inayovunja makali ya dawa hiyo, ileile ambayo wapiga picha husafishia picha zao. Konzi moja ingetosha tangi zima. Alitoka mbio hata chai hajanywa, wala hakumuaga mtu. Nani angeligusa tangi lile? Tangu lini mtaa ule ukawajali samaki wa Mchaga?

Studio ya kwanza hawana. Ya pili wanangoja meli. Akaenda kwa miguu mpaka Magomeni, nako wakamwambia arudi mwezi ujao. Jua lilikuwa limeshapanda alipoingia kwa Mzee Augustino, mpiga picha wa Msimbazi, shati limemganda mgongoni.

"Shikamoo, mzee. Nipe chumvi ya picha, tafadhali."

"Marahaba. Ninayo hii tu, na kesho nina harusi. Kuna nini, Dokta?"

"Samaki wangu, mzee. Wanakufa."

Mzee alicheka mpaka akakaa. Kisha akamtazama tena usoni, akaacha kucheka, akampa pakiti yote na hela akazikataa.

Alipopinda kona ya Sikukuu, Dokta alisikia vigelegele. Akaongeza mwendo. Uani palijaa wanawake na ndoo, na Bi Sabaha, balozi wa nyumba kumi, akiwapanga foleni kama siku ya mgawo wa sukari. Tangi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni. Maji yalikuwa safi, unaona hadi chini.

"Njoo uone, baba!" Bi Sabaha alimshika mkono. "Tuliwaona wanavyohema. Tukasema, Dokta alitunusuru, nasi tuwanusuru wanawe. Wema hauozi. Maji yalipotoka tu, ndoo za kwanza zote zimekuja hapa. Hakuna aliyetanguliza ya kwake."

Perege walikuwa wakizunguka kwa ubavu, mashavu wazi.

"Angalia wanavyocheza," alisema Mboni kwa furaha.

Dokta alimwaga pakiti nzima, akakoroga kwa mkono mpaka maji yakamfika begani. Haikufaa kitu. Chumvi ile huzuia kuungua, haiponyi kilichokwisha ungua. Yote yaliyokuwa yakiwapata aliyajua, alikuwa ameyasomea, na hakuwa na la kufanya. Alitaka kupiga kelele. Alitaka awatukane mmoja mmoja, kwa Kichaga na Kiswahili. Akawatazama: viganja vyekundu kwa vishikio vya ndoo, khanga chepechepe, nyuso zimemgeukia zikingoja aseme neno. Hasira yake haikupata pa kutua.

"Asanteni," alisema. "Asanteni sana, mama zangu."

Jike kubwa kuliko wote likageuka tumbo juu.

"Huyo amechoka tu," alisema Bi Sabaha, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. "Maji hayajamtosha. Mboni, hakuna yaliyobaki?"

Mboni aliingia ndani, akatoka na ndoo imejaa pomoni. "Nilimwekea mtoto ya kuoga. Mtoto atasubiri."

Wanawake wakampisha. Hakumimina mwenyewe, alimpa Dokta heshima hiyo. Dokta aliipokea kwa mikono miwili, na kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, akaimimina.